Kitufe Nilichokishikilia

Mtaa wa Ziwani,
Nairobi.
18 Mei 2025

Mpendwa dada Roseline,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini joto la Muscat halijakumaliza na ule mgongo umepata nafuu. Sisi tunakula, tunalala. Mimi hasa nalala kama gunia, na nikiamka sisikii chochote. Tangu tumzike ndugu yetu Obura, huu mwezi wa pili, sijatoa chozi.

Mama alirudi nyumbani salama baada ya mazishi. Mvua imenyesha vizuri huko, amepanda mahindi.

Barua hii nimempa Wanza, jirani anayerudi huko kazini. Kwenye simu ningezungukazunguka tu.

Unajua yaliyosemwa. Polisi waliandika kwamba ajali ilitokana na mwendo wa kasi. Mchungaji akahubiri juu ya vijana na kupenda sifa, jeneza likiwa pale mbele. Nilikaa kiti cha kwanza nikanyamaza. Naona aibu, dada.

Lile gari la michezo la mteja wetu Jimale husukumwa na magurudumu ya nyuma, na lina mitambo miwili ya kumsaidia dereva. Mmoja huzuia magurudumu yasizunguke bure. Wa pili hulishika gari lisirushe mkia kwenye kona. Kitufe ni kimoja. Ukikibonyeza mara moja, unazima wa kwanza. Ukikishikilia, yote miwili inalala.

Siku ile gari lilikwama kwenye matope mlangoni mwa gereji. Nikabonyeza, likakataa. Nikashikilia, likatoka. Nilijua ukizima injini na kuwasha tena, kila kitu hurudi. Lakini betri ilikuwa imechoka, na sisi mafundi gari la namna hiyo hatulizimi hadi kazi iishe. Likabaki linanguruma. Taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi, lakini magari yanayoletwa kwetu huwaka taa hizo miaka nenda miaka rudi. Nani huziangalia?

Obura akaja akipangusa mikono. "Hebu niachie hiyo ndai, bro, nisikize breki kidogo."

Nikampisha kwenye usukani. Sikumwambia neno juu ya kitufe. Kwenye kona ya kushukia mtoni, lami ikiwa imeloa, alikanyaga mafuta kidogo tu na mkia ukaenda. Mama mmoja anayechoma mahindi pale ameniapia kwamba hakuwa na mbio.

Jumapili iliyopita nilimwendea Amondi, mjane wake, nikamweleza yote. Alikuwa anakunja ovaroli za Obura. Hakuinua kichwa.

"Kwa hivyo hakuwa anakimbia?"

"Hapana, shemeji. Ni mkono wangu."

Akamwita binti yao Rispa kutoka uani. "Rudia, Phares. Huyu pia asikie. Huko shule wanamwambia babake alijiua na sifa."

Nikachuchumaa mbele ya mtoto wa miaka saba, nikarudia tangu matope hadi kona. Alinisikiliza vizuri, mikono nyuma.

"Na wewe, anko, mbona hukumwambia?"

Mwisho wa mwezi naenda kumwambia Mama, na najua naye ataniuliza hilo hilo.

Msalimie binamu yetu Mulama na wenzako wote wa kazini. Mungu akufunike huko ugenini. Ukiweza kuniombea, niombee, ukishindwa, nitaelewa.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye,
Phares