Koti la Daktari

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Duka la Vipuri.
Jumapili, nguo zikiwa kambani.

Mpendwa shemeji,

Hujambo huko mbali? Kifua kimepona, au bado unakohoa huku ukijifanya kijana? Na mapacha wameshazoea baridi? Sisi huku wazima, kama mtu akituuliza njiani. Mama yenu anakula vizuri, macho tu ndiyo yanamsumbua. Binti yetu mkubwa amepata kazi ya kuhudumia mkahawani, na kwa sasa yeye ndiye anayetulisha. Ndiyo, umesoma vizuri, mtoto anamlisha baba.

Uliniuliza kwenye simu kama ile posho ya walemavu ya kaka yako imetoka. Posho gani, shemeji? Huu ni mwaka wa tatu tangu kiharusi kiuchukue mkono wake wa kulia, na bado tunaambiwa faili linashughulikiwa. Nimepigwa danadana mpaka mlinzi wa getini ananiita dada. Mara picha ni ya zamani, mara mhuri haukukolea, mara mwenye kabati yuko likizo na ufunguo kaondoka nao. Nimewachoka!

Sasa nikwambie kilichotuponza, maana siku ile kwenye simu kaka yako alikuwa karibu nikashindwa kusema. Mwaka jana walimwita mbele ya jopo la madaktari. Unamjua kaka yako na ufundi cherehani wake, hatoki na nguo iliyokunjamana hata akienda kung'olewa jino. Akapiga pasi shati kwa mkono wa kushoto, akapendeza. Daktari akamwambia afunge vifungo. Basi akachomoa kile kijiwaya alichokipinda mwenyewe, akavivuta vifungo vyote tunduni huku anatabasamu! Kama vile hiyo haitoshi, akamwambia daktari, "Koti lako lina kifungo kinaning'inia. Lete nikukazie." Akakikaza, shemeji, koti kalibana kwa magoti, jasho linamtiririka. Daktari akashukuru, akavaa koti lake, akaandika kwamba mgonjwa anajiweza na kazi anaimudu.

Hakuna aliyemuuliza asubuhi ile alianza kuvaa saa ngapi. Hakuna aliyeuliza wateja wamekwenda wapi, au kwa nini cherehani siku hizi tunaianikia vyombo. Nilimfokea njia nzima.

Tukarudi mkiani mwa foleni. Nikaapa safari hii haniharibii. Kila jioni tukishakula nilimketisha kitandani, mimi nikawa daktari. Nikisema funga, yeye aache shati wazi atazame chini. Kijiwaya nilikificha. Mwanzoni tulicheka mpaka mama yenu akawa anagonga ukuta. Baadaye yeye akaacha kucheka. Mimi nikaendelea tu, maana niliitaka ile posho.

Wiki iliyopita tukaenda. Alishindwa vizuri sana. Daktari aliandika mpaka akageuza karatasi, na karani akatuambia safari hii mambo yatanyooka, tusubiri tu jibu la makao makuu. Kusubiri tena! Kidogo nimrushie kiti.

Lakini tangu siku hiyo kaka yako hajivalishi. Kijiwaya nimemrudishia, kiko dirishani na hakigusi. Leo asubuhi alinijia na shati wazi, akasimama mbele yangu, akasubiri. Nikamwambia, "Baba watoto, jopo halipo hapa." Akanijibu polepole, "Huwezi kujua wanaangalia wapi."

Nikamfunga vyote, nikatoka nje kufua.

Msalimie sana mkeo, na mapacha wabusu kwa niaba ya bibi yao, anayewataja kila akiomba. Mungu awafungulie milango huko, na huku asitusahau. Mpigie kaka yako, lakini nakusihi usimpe pole. Mgombeze, mtanie, bishaneni kama mlivyokuwa mkibishana. Mimi nikimgombeza sasa, ananiitikia ndiyo.

Shemeji yako akupendaye,
Mama Mdomo