Mchi Wangu Umekuwa Gia

Jumatano usiku, mwezi wa tano 1996

Leo tena tumekula ugali kwa sababu sijatwanga mpunga, na sijatwanga kwa sababu binti yangu Resti amegeuza kinu changu kuwa gari. Mchi ndio gia. Usukani kautoa kwenye lori bovu, kaufunga mezani kwa kamba. Kandambili kuukuu kazipigilia kwenye ubao: klachi, breki, mafuta. Msichana mtu mzima, ananguruma kwa mdomo!

Jirani akaita kutoka uani kwake, "Mama Resti, mmeshafika Mlimba?" Nikanuna.

"We Resti, nipe mchi wangu."

"Mama, kesho kutwa mwenye lori la mpunga ananipima udereva. Kaa hapa uwe abiria, nifike tu Mchombe."

Nikakaa na hasira zangu, ungo magotini. Tukapita kijiji cha Mbingu. Akavuta mchi, kinu kikalia kwaa!

"Sasa tunateremka mtoni, mvua imenyesha, tope tupu," akasema.

Barabara ile naijua. Malori yanalala ubavu pale, na watu...

"Mama, mbona unakanyaga breki?"

Nikaangalia chini. Kweli, mguu wangu ulikuwa umekandamiza sakafu mpaka vidole vinauma. Akacheka mpaka machozi. Nikamgombeza kwamba giza linaingia na mpunga bado haujatwangwa.

Mungu wangu, nataka aipate kazi hiyo, na nataka aikose. Kwenye lori la kweli mguu wangu hautakuwepo.