Sikumbadilisha Jina Mwavita

Katubuka, Kigoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unapumua vizuri, maana mdogo wangu aliniambia pumu imekurudia tangu mvua zianze huko Muheza. Dawa unakunywa, au unawagawia majirani kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia tu, nawe ungekasirika.

Mama, Mwavita ameondoka. Yule mtoto niliyekuwa namlea amechukuliwa na baba yake.

Najua ulilikataa lile jina tangu siku ya kwanza. "Mtoto gani anaitwa vita? Mwite Neema, aanze upya." Nikakujibu nitafikiria, na wala sikufikiria. Wewe hukumwona mama yake alipoletwa zahanati kwetu kutoka mwaloni Katonga, boti zinakotia nanga. Alivuka kwa boti na wenzake waliokimbia mapigano ng'ambo, uchungu ukamshika humo humo ziwani. Mtoto tulimpokea salama, ila yeye damu ilikataa kukata. Alinishika mkono akasema, "Huyu ni Mwavita." Hakusema lingine. Tulimzika huku huku, na watu wa ustawi wa jamii wakanikabidhi mtoto nimlee mpaka ndugu zake wapatikane. Jina ndilo kitu pekee alichoachiwa na mama yake. Nimvue hata hilo?

Jirani yangu Mama Riziki, mwanika dagaa, wazee wake walitoka huko huko Kongo. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Mwavita ni msichana aliyezaliwa watu wakiwa vitani, na kwao si mkosi, ni kama sisi tunavyomwita wa Ijumaa Mwajuma. Siku hizi wanaopewa ni wachache, wengi wao wanalirithi kwa bibi. Binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo baba mtu analijua hata kabla mtoto hajazaliwa. Nilisikiliza, nikaendelea kuchambua mchele wangu. Wale wa boti walishasema mumewe alibaki nyuma na kijiji kikachomwa. Mimi nilimhesabu amekufa. Nisikufiche, Mama, nilitamani iwe hivyo. Tangu yule bwana aniache kwa kukosa kuzaa, sikuwahi kulala na mtoto kifuani mpaka alipokuja huyu.

Jumamosi nafua uani, Mama Riziki akaingia na mwanamume mkondefu, shati si lake. Alikuwa ameupita kila mwalo akiuliza kitu kimoja tu: kuna mtoto wa kike wa ng'ambo anaitwa Mwavita? Hakujua kama mkewe alifika. Hakujua kama alizaa wa kiume au wa kike. Jina ndilo alilokuwa nalo, iwapo ni binti, na akina mama wa Katonga wakamwonyesha nyumba yangu.

Nilitaka kumwambia hapa hayupo. Neno lilishafika mdomoni. Mtoto akatoka ndani anatambaa, na Mama Riziki akamwita kwa jina kama anavyomwita kila siku.

Yule mtu akapiga magoti kwenye maji ya sabuni, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama," akamwambia mtoto. Ndivyo wanavyomwamkia binti mwenye jina la mama yao. Mama yake mwenyewe aliuawa kule, alinieleza baadaye. Mwavita alimwogopa, akalia, akaja kunishika kanga.

Tulikwenda ustawi, wakamhoji, wale waliovuka na mkewe wakamtambua. Nikafungasha nguo zake na maziwa. Sasa wako kambini kwa wakimbizi. Baridi ikizidi mtoto kifua kinambana, nimemweleza baba yake, sijui kama atakumbuka.

Ningemwita Neema, yule mtu angepita mlangoni kwangu akaenda zake, na mtoto angekuwa hapa ananinyang'anya kalamu. Najua hilo nikilala, najua nikiamka. Tafadhali usiniambie nimefanya jambo jema. Shehe ameniambia, wenzangu kazini wameniambia, sitaki kulisikia tena. Uliza tu kama nimekula.

Nisalimie baba mdogo na goti lake. Mdogo wangu na mumewe wasalimie pia, waache kugombana mbele yako. Shangazi aliyemshonea mtoto magauni mwambie yalimkaa vizuri, mengine asiambiwe kwanza. Likizo nikipewa nitakuja, lakini mtu asinipangie mchumba.

Hapa mtaani waliacha zamani kuniita Nesi Zuhura. Hata leo asubuhi, mama muuza mawese kapita anagonga: "Mama Mwavita, hodi!" Sijamkataza mtu. Nimeitika, nikanunua mafuta.

Mwanao,
Zuhura