Tende za Uji wa Zuhura

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeacha soda. Alhamdulillahi, na nimekasirika.

Zuhura karudi kutoka kliniki macho yamevimba. Wamempima, wamemkuta na sukari ya mimba. Mjukuu wangu huyu nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Mimba ya kwanza, kamwacha mume Dar, kaja kwetu kujifungua kama desturi inavyotaka — na huku kwetu ndiko kunakopatikana sukari! Mie mwenyewe ninayo tangu zamani, vidonge nameza nikikumbuka.

Nesi Mina kamwambia aache vitu kimoja kimoja, akiviacha vyote kwa mpigo atavirudia vyote. Zuhura analia: bibi, peke yangu siwezi. Nikamwambia, mke mwenzangu, nani kakwambia uko peke yako? Nikiacha, unaacha. Ukiacha, naacha.

Soda yangu ya baada ya chakula nimeimwaga uani. Kuku wamekuja kuangalia, wakaondoka.

Jumatano, 3 Septemba

Chai bila sukari. Hii si chai, ni maji yaliyooshewa sufuria! Zuhura kacheka ninavyokunja uso. Kwa kuwa kacheka, nimekimaliza kikombe chote.

Lakini mtoto atakula nini? Tumbo limeshashuka, nguvu zinatakiwa. Nimempikia uji wa ulezi, nikatwanga tende nikazitia humo. Tende si sukari. Ni tunda la heri, Bibi Maryamu alizila akiwa na uchungu. Na mie nilizila, mama yake Zuhura nikamzaa bila kusumbuka.

Zuhura tende hazitaki tangu mdogo, akizinusa tu anakimbia. Kwa hiyo sikumwambia. Nimetia na hiliki ya kutosha. Kanywa, kaongeza.

"Bibi, mbona mtamu hivi bila sukari? Unafanyaje?"

Mkono tu, mwanangu, nikamwambia.

Nitampikia kila asubuhi.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi. Mtaa mzima unanukia pilau. Jirani yangu Somoe kaniletea sinia, na halua juu yake inang'aa kama kioo. Namwambia nimeacha. Anashangaa: wewe? Wewe uliyekula halua ya harusi yangu mpaka bwana harusi akakosa? Nikamwambia Somoe, ondoka na halua yako kabla sijaila pamoja na sinia.

Somoe kacheka, kaiacha. Zuhura kageukia ukutani. Hakuigusa. Mie niliigusa. Jikoni, nyuma ya mlango, kipande, kisha nikalamba na kidole. Astaghfirullah! Mtoto ana msimamo, bibi hana.

Shule sikwenda. Herufi hizi kanifundisha Zuhura alipokuwa darasa la tatu, ananishika mkono, ananigombeza: bibi, usikandamize kalamu. Leo namfichia halua mtoto yule.

Kesho naacha vitumbua. Iwe adhabu yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Tumekwenda kliniki pamoja. Sukari yake imepanda! Nesi Mina kavua miwani. "Zuhura, unakula nini kwa siri?" Mtoto kaapa. Soda kaacha, sukari kaacha, vitumbua kaacha, wali anapima. Nesi anasema kipimo hakina ugomvi na mtu. Wanawake kwenye benchi, masikio yote kwetu.

Kisha nesi akawageukia wote, akaanza kusomesha. Asali ni sukari. Juisi ya miwa ni sukari. Tende nazo — msinitolee macho — tende ni sukari, mwenye kipimo kibaya asizile kila siku kama mboga.

Tende!

"Tende hata sizili, nesi," kasema Zuhura. Kasema kwa kujiamini, masikini, sauti imenyooka. Na mie nimekaa ubavuni pake. Mdomo huu huu unaomsema mwenyekiti wa mtaa mbele ya wakeze — umefungwa. Niliona aibu ya benchi lile. Nikajiambia nitamwambia njiani. Kwenye bajaji nikamwambia leo joto.

Jumamosi, 13 Septemba

Tende nimeacha kumtilia. Kula mwenyewe sijaacha. Nafungua kopo, natafuna, najichukia, nafunga kopo.

Uji kauonja, kausukuma. "Bibi, mkono umechoka?" Utani wake. Nimekwenda kulia jikoni, nikasingizia moshi.

Adil, mumewe, kapiga simu, ya kliniki yamemfikia, sauti naisikia mpaka nilipo. Ana duka la vitambaa Dar, kijana mpole, na upole ndio unaochoma. Sikugombezi, anasema, kula kitu si dhambi, ila usinidanganye, aliye tumboni ni wangu pia. Zuhura kakata simu. Kaja kujilaza kitandani kwangu kama alipokuwa mdogo, tumbo katikati yetu, aliyemo ananipiga teke la mbavu. Na yeye ananidai!

"Bibi, wewe unaniamini?"

"Nakuamini kuliko macho yangu."

Ni kweli tupu. Ndiyo maana imenishinda kumtazama.

Alhamisi, 25 Septemba

Imeshuka. Sukari yake imeshuka! Nilivyoomba, kila sijda, na imeshuka.

Nilidhani ikishuka yatakwisha. Nesi Mina kafurahi, kampigapiga bega: "Unaona, mama kijacho? Ukiacha kudokoa, inashuka yenyewe." Benchi likacheka, cheko la wema tu. Zuhura hakucheka. Hakuapa tena. Kanitazama mie, anangoja bibi yake mkali aseme neno. Nikainama nikawa natafuta sijui nini ndani ya mkoba.

Tumefika nyumbani, kajifungia.

Nimepata nilichokiomba, na ndicho kilichomtia hatiani.

Ijumaa, 26 Septemba

Adil kaja baada ya swala ya Ijumaa. Na gari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunioa au kuniaga?"

Kacheka kidogo, kisha akatazama mkeka. Maneno ya nesi yamemfikia, kaja kumchukua Zuhura. Atajifungulia Dar, kwa mkwewe, Bi Shaikha. Huko, anasema, wapo wa kumwangalia anachokula. Halafu kanishika mkono kwa heshima yote: "Bibi, si kosa lako. Wewe una huruma, na yeye anakuzidi ujanja."

Yeye ananizidi ujanja!

Mtoto wa kwanza kuzaliwa ukweni. Na ataingia kule na jina la mdokozi, Bi Shaikha atafunga kabati funguo ziko kiunoni. Mtoto ambaye hata halua ya Maulidi aliipa mgongo.

Nimejipigia hesabu za kijinga. Nikisema, Adil atamchukua — nani amwache mkewe kwa bibi wa namna hii? Nikinyamaza, atamchukua vile vile. Basi nanyamaza kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya hili tu: nikinyamaza, Zuhura anaondoka ananipenda.

Anafunga nguo zake. Kanga zile tulizozikunja pamoja za kumpokelea mtoto, anazitia begini moja moja.

Nimeingia chumbani kwangu. Nimewaambia natafuta ubani wa kumpa. Nakandamiza kalamu, karatasi inachanika. Kopo la tende nimelitoa, liko mapajani.

Nasikia gari linawashwa.

Zuhura kaja mlangoni kuniaga. Macho yake kwenye kopo. "Bibi, hizo si unazila mwenyewe? Na wewe acha, basi. Tuliahidiana."

Ananihurumia, jamani! Ananihurumia mie!

Nimemwambia, "Kamwite mumeo. Mwambie azime gari, mje wote wawili."

"Kuna nini, bibi?"

"Kamwite."

Kaenda. Gari limezimwa. Viatu vya Adil viko ukumbini, na ndara za Zuhura nyuma yake, polepole, na lile tumbo. Kifuniko cha kopo nimeshakifungua.