Mwambie Eliakimu Bado Ni Mwanafunzi

Kizota,
S.L.P. 613,
Dodoma.
14 Septemba 1997

Mpendwa Kaka Gerson,

Shikamoo kaka. Mama anasema nianze na mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, la sivyo utadhani barua imeandikwa na mtu wa Pwani. Basi mbukwenyi, wewe na wifi Bupe na watoto wote, hukohuko Tukuyu kwenye mvua zenu zisizojua kupumzika. Magoti yako yanaendeleaje? Uliandika kwamba baridi inakuuma ukiamka. Mwambie wifi akukande kwa maji ya moto, na wewe uache ubishi wako wa kijeshi.

Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mama, yaani mama yako mdogo, anatoka machozi kila vumbi linapoanza, na mwaka huu limeanza mapema. Kule Chamwino uwele haukujaza, tulivuna kidogo mno kwenye shamba la marehemu baba mkubwa, baba yako. Mimi bado napikia mafundi pale karibu na karakana. Wanakula, wanalalamika kwamba mlenda una chumvi nyingi, na kesho yake wanarudi.

Kaka, hayo ndiyo mazuri yote niliyonayo. Yaliyobaki ni ya Eliakimu, na nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi nikijiuliza nianzie wapi.

Mwaka jana nilikuandikia kwa kifupi kwamba mdogo wetu ameanguka na kuvunjika nyonga. Sikukueleza ameangukaje. Yeye mwenyewe alinikataza, akasema Gerson asiambiwe kabisa. Nilidhani ni aibu ya mwanamume, nikanyamaza. Leo nakueleza bila ruhusa yake, maana nikiendelea kunyamaza tutamzika.

Unajua alivyorudi kutoka jeshini. Alipata kazi kwa Brighton, yule mwenye karakana ya kuchomelea mageti na vitanda, na kazi aliiweza. Lakini jioni alipokaa na wenzake hadithi zilikuwa ni zilezile za miavuli: jinsi mlivyokuwa mkiruka, jinsi wewe ulivyosimama mlangoni mwa ndege na kuwaruhusu mmoja mmoja. Alama yake ya mabawa aliing'arisha kwa majivu mpaka ikawa nyembamba. Hapa Kizota hakuna mtoto asiyemwita Komando.

Sasa siku hizi kila kitu kinatangazwa. Asubuhi gari la vipaza sauti linapita na biskuti, jioni linapita na betri. Mwaka jana ikaja kampuni moja ya sabuni kutoka nje. Wao wakataka watu washuke kutoka angani hadi uwanjani wakiwa na kitambaa chenye jina la sabuni. Walikuja na warukaji wao kutoka Afrika Kusini, na wakala wao akasikia kwamba Kizota yupo mwenyeji aliyekuwa askari wa miavuli. Akaona biashara hiyo, mtoto wa nyumbani ashuke mbele ya watu wa nyumbani. Wakamfuata Eliakimu karakanani, naye akaacha geti la watu nusunusu akapanda gari.

Kiongozi wa warukaji, mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu, alimwuliza ameruka mara ngapi. Akataja, na zilikuwa nyingi kuliko za baadhi ya vijana wake. Mzungu akauliza tena: kati ya hizo, ni mara ngapi mwavuli aliufungua mwenyewe kwa mkono wake? Kaka, wewe unajua jibu. Hata mara moja. Jeshini mlikuwa mkifungwa kamba ndani ya ndege, mtu akitoka kamba inamvutia mwavuli unafunguka wenyewe. Kazi ya mrukaji ni kutoka, kuhesabu hadi nne, kama ulivyowahesabia mazoezini, na kutazama juu kama umefunguka. Mzungu akasema basi huyu kwetu ni mwanafunzi, hawezi kuruka na sisi.

Eliakimu akaona ametukanwa. Alitoa ile alama ya mabawa akaiweka mezani. Wakala naye akadakia kwamba muda unakwenda, huyu ni askari, tusimdharau. Mzungu akalegea. Alimfundisha asubuhi nzima jinsi ya kuvuta, na kabla ya mazoezi akamfunga kidude kimoja mgongoni, akamwambia hiki kitafungua mwavuli wa akiba kama wewe hukufungua na ardhi imekaribia. Kidude hicho ndicho kilichotuachia ndugu yetu. Simjui yule mzungu, lakini namwombea kila Jumapili.

Walikwenda kufanya mazoezi upande wa Buigiri, kwenye mbuga iliyo wazi. Nilikutana baadaye na Matonya, mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe wake pale, akanisimulia alichokiona. Watu watatu walitoka kwenye ndege, wawili wakafungua miavuli ya rangi. Wa tatu alikuja moja kwa moja. Hakurusha mikono wala miguu, alikuwa ameikunja mikono tumboni, ametulia kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Ng'ombe walianza kukimbia kabla Matonya hajakimbia. Kisha kitambaa cheupe kikatoka ghafla, karibu kabisa na miti, na mtu akaingia ndani ya miiba.

Hospitali walimtengeneza nyonga, na kwa mwendo huwezi kumjua sana. Mengine ndiyo hayajapona.

Kaka, mtu huyu hajafika chini. Naiandika sentensi hii nikijua utacheka, lakini njoo ukae naye siku mbili. Hataki kulala kitandani, analala sakafuni, na viganja amevibandika kwenye saruji. Anaweza kuwa anaongea nawe vizuri habari za Bunge na bei ya chuma, mara ananyamaza, anainua uso kutazama dari, anangoja, kisha anaendelea palepale alipoachia. Upepo ukivuma bati likalia, anatoka nje. Ndege zinapokuja kutua hapa mjini Mama humshika mkono, na yeye humwuliza, "Mama, tumeshafika?" Mama humjibu, "Tumefika baba, siku nyingi." Anaitikia kwa kichwa lakini unaona kabisa hajaamini. Mkewe Ruthu alivumilia mpaka Pasaka, kisha akachukua watoto akaenda kwao Kongwa. Simlaumu. Mimi mwenyewe, dada wa damu, kuna siku naogopa kuingia chumbani mwake.

Nilimwuliza siku moja, nikiwa na hasira, hivi mtu asiye mzoefu wa miavuli ni nani kama si wewe? Akaniambia mgeni ni yule anayeogopa mlangoni. Yeye hakuogopa, basi si mgeni. Nikamwambia, Brighton anakula ugali wangu mwaka wa saba huu, kila siku ya Mungu, lakini mpe sufuria na unga uone kama hutakula uji. Alicheka, kaka! Kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Kisha akasema, "Dada Edina, wewe ni mtu wa jikoni, haya huyajui." Na kweli siyajui. Ila najua kwamba woga wake jeshini ulikuwa na mtu wa kuutunza, na mtu huyo siku ile hakuwepo.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Kampuni ile imerudi. Wakala ni mwingine, na mzungu wa ndevu nyekundu hayumo. Wanataka kushusha watu uwanjani mwanzoni mwa mwezi ujao, na Eliakimu amekwenda mwenyewe kujitambulisha. Amewaambia ni askari mstaafu wa miavuli, mzoefu, na wamempokea kwa shangwe. Nilikwenda kumweleza wakala mpya. Aliniangalia na kanga yangu yenye moshi, akasema, "Mama, huyo jamaa ni professional, usiwe na wasiwasi." Mchungaji amejaribu, Brighton amejaribu, Mama amelia mpaka amechoka. Eliakimu anatupa sote jibu moja: safari hii atafika.

Na Jumapili iliyopita likatokea hili. Tulitoka kanisani, nikapita karakanani kuchukua masufuria yangu. Nikamwona juu ya ule mnara wa chuma unaobeba tenki la maji, mrefu kuliko nyumba, na chini yake ni vyuma vitupu vya mageti. Alikuwa amesimama ukingoni, mikono ameikunja tumboni, uso mbele. Sikupiga kelele. Nilipanda ngazi, mimi mwenye kizunguzungu hata nikitundika nguo kwenye kamba, mpaka nikawa nyuma yake. Nilinyoosha mkono nimshike bega nimvute.

Mkono ukanigandia hewani. Nilikumbuka Krismasi moja kule Chamwino, ulipokuwa ukituonyesha mlangoni mwa jiko jinsi mnavyoruka. Ulisema mrukaji hasukumwi wala haambiwi neno, kwa sababu kelele ya ndege ni kubwa. Anapigwa bega tu, naye anakwenda. Kaka Gerson, ningemgusa bega yule mtoto, angekwenda.

Nilikaa kwenye ngazi, chuma kinaniunguza, nikaanza kuongea mambo ya kipuuzi. Nikamwambia mlenda unapoa. Nikamwambia Mama anamngoja. Akanijibu kwa upole, bila kugeuka, "Subiri kidogo dada. Gerson hajanigusa."

Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Nilimwuliza polepole, siku ile ya Buigiri alikuwa anangoja nini, kwa nini hakuvuta. Akaniambia hakusahau. Alikuwa ametoka vizuri, na mara alipotoka alikusikia wewe unahesabu. Alisema sauti yako ilikuwa karibu kama unavyoongea mezani. Ulihesabu moja, mbili, tatu, ukanyamaza. Akangoja umalizie. Mpaka leo anangoja umalizie, na ndiyo maana anataka kupanda tena, akaisikie hiyo ya nne. Hakutaka uambiwe kwa sababu anaogopa utasema alikutangulia, akatoka kabla hujamgusa.

Nililia palepale kwenye ngazi. Alishuka yeye mwenyewe baadaye, jua lilipokuwa kali, akanibebea masufuria.

Sikuandikii kukulaumu, uelewe hivyo. Wewe uliwafundisha walichotakiwa kujua, ukawarudisha wote kwa mama zao. Siku ile ulikuwa Tukuyu kwenye shamba lako la chai. Lakini sauti anayoisikia si ya Mama wala si yangu. Sisi tumemwambia amefika mpaka midomo imekauka.

Basi nakuomba uje. Usiandike barua, ataiweka mfukoni na kupanda nayo ndege. Ukija, mkabili kwa mbele, usimwendee kwa nyuma, na mikono yako uiweke mahali anapoiona. Mwambie kwamba wewe uliyemvalisha mabawa unasema bado ni mwanafunzi. Mwambie kujifungulia mwavuli hukumfundisha, na asiyefundishwa haruki. Najua unampenda na hutapenda kumvunja moyo. Uvunje, kaka. Moyo tutamtibu hapa nyumbani, hata kama hatatuangalia usoni mwaka mzima. Na ile hesabu uimalizie, akiwa amekaa chini na sisi sote tukiwa tumekaa.

Nisalimie wifi Bupe, mwambie vitenge alivyotuma Mama amevipenda mno na amekataa kuvivaa, anavitunza kwa ajili ya kitu asichokisema. Nisalimie watoto, na yule mdogo aliyepewa jina la baba yetu Mazengo mbusu kwa niaba yangu. Shangazi Evelina anakusalimu, na Brighton pia, ingawa anasema umemsahau. Mungu akulinde barabarani, akufunike wewe na nyumba yako, akufikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana,

Edina

Kaka, nilikuwa nimeshafunga bahasha ndipo Anyitike, karani wa Bunge anayekuja kwao Tukuyu na barua hii, alipopita kuichukua. Eliakimu aliiona mezani, akasoma jina lako. Hajawahi kufurahi vile tangu aanguke. Aliniuliza kama nimekuita uje usimame mlangoni siku ya kuruka. Nilitaka kusema hapana. Lakini alisema kama Gerson anakuja, hatapanda ndege mpaka Gerson afike, hata kampuni ikimwacha. Nikamwambia ndiyo, unakuja. Amechukua kigoda, ameketi nje upande wa barabara itokayo Iringa, utakayojia, na chakula amesema tumwekee, mtakula pamoja.