Kidonge cha Mama Mkwe Ndani ya Tonge

Mpendwa Etiye Bizunesh, mshauri wetu, naomba unisaidie kabla sijaitwa muuaji, maana mama mkwe wangu, Emama Shitaye, ana ugonjwa wa moyo, na daktari hapa Dessie alimpa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kinapombana, lakini nilipomweleza alinicheka mbele ya majirani waliokuja kunywa kahawa, akasema, “We binti, kinachouma ni kifua, ulimi umekukosea nini? Mimi si mtoto wa kumumunya peremende!” nami nikaona haya, nikafanya kama tunavyowapa wazee dawa zote chungu, nakifunga kidonge ndani ya injera na mchuzi mzito wa shiro, namtilia gursha, lile tonge la upendo, mdomoni kwa mkono wangu, anameza, na maumivu hayatulii, anabaki ameshika kifua jasho likimtoka hadi nadhani ananifia mikononi, na sasa anawaambia watu nimebadilisha dawa, namlisha chaki, nataka afe, na mume wangu Wondimu hanisemeshi, ameita wazee waje kutuamua Jumapili, na sijamwambia kwamba ni mimi niliyeacha agizo la daktari. Ajabu ni kwamba Emama hakubali tonge la mtu mwingine ila langu. Naogopa, Etiye. Nifanye nini?

Yeshimebet, Dessie

Yeshimebet mwanangu, pole, lakini nani alikwambia kuona haya hutibu moyo? Chini ya ulimi ngozi ni nyembamba na mishipa ya damu ni tele. Kidonge kikiyeyuka pale kinaingia kwenye damu moja kwa moja, na baada ya dakika chache moyo umekipata. Kikimezwa kinashuka tumboni, kinapita kwenye ini, na ini hukivunja karibu chote kabla hakijafika kifuani. Nawe ukakiongezea injera juu!

Kifua kikimbana tena, mketishe kwanza, kwani dawa hii huleta kizunguzungu. Kidonge kiwe chini ya ulimi, asitafune, asimeze. Dakika tano zikipita bila nafuu, kimbieni hospitali, usingoje mume wala wazee. Dawa zake nyingine, zile za kumeza, aendelee kuzimeza. Na kesho mrudishe kwa daktari hata akiamka mzima, umweleze yote.

Wondimu mwambie leo. Ukisubiri Jumapili, wazee watakusemea wao.

Na usilie sana kwa maneno ya Emama. Anayeogopa sumu haufumbulii mdomo mkono anaoushuku, naye wako anaufumbulia. Kifua kikishatulia, mfungie gursha kubwa ya shiro, isiyo na kidonge ndani.