Kalamu Isiyo na Wino

Engutoto, 1 Septemba 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kichwa kinauma kwa hasira. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mwambie maziwa aliyonitumia nimeyapokea kwa Lemomo, yule anayeyaleta mjini, pale sokoni Kwa Mrombo. Barua hii namkabidhi yeye, maana simu yako unaiwasha kukiwa na msiba tu.

Uliuliza nafanya nini siku hizi na kile kibao cha kuchorea cha kompyuta. Nacheza gemu, Baba. Usikunje uso kwanza. Muziki unapigwa, viduara vinatokea kwenye kioo, nami naipeleka kalamu juu ya kibao kuvifuata kimoja kimoja, huku vidole vya mkono wa pili vikibonyeza vitufe palepale mdundo unapoangukia. Kalamu yenyewe haina wino. Tarehe 21 kuna mchujo wa mtandaoni wa kupata wanne watakaochezea Tanzania. Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote mwaka huu. Lakini kuna wimbo unanikwamisha sehemu ileile, mwezi wa pili sasa. Masikio yanajua, mkono unachelewa. Wewe uliyepiga ngoma kwenye bendi ya matarumbeta usharikani miaka yote ile, nifanyeje?

Mwanao,
Naeku


Oldonyo Sambu, 6 Septemba 2024

Mwanangu Naeku,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako mgongo umepoa, anakamua ng'ombe mwenyewe. Barua nimeisoma mara mbili na bado sijaelewa mtu wa miaka ishirini na sita anakimbiza viduara vya nini. Ila umeuliza, nami ni mwalimu. Mdundo haukimbizwi. Piga polepole mpaka mkono uzoee, ndipo uongeze mwendo. Kaa wima. Na kalamu ishike kama nilivyokufundisha darasa la kwanza.

Baba yako


Engutoto, 9 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini wote wazima. Polepole nimepiga, wima nimekaa, na nimekwama palepale. Halafu nikausoma tena mstari wako wa mwisho, nikaiweka kalamu chini.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Uliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kitambaa cha kufutia ubao, mbele ya darasa, ukasema mtoto wako hatampa mtu kitu kwa mkono huo. Ulikuwa hunifungui mpaka kengele ya mchana. Muhula mzima. Nimekasirika, Baba, sikufichi.

Jana nimehamishia kalamu kushoto. Ile sehemu iliyonishinda, mkono ule umeijua mara moja. Lakini ni mkono wa mtoto wa miaka saba, unavipita viduara. Zimebaki siku kumi na mbili. Nirudi kulia nikwame, au nibaki kushoto nianguke? Nijibu upesi.

Mwanao,
Naeku


Engutoto, 22 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Lemomo amekuja mara tatu na maziwa, bila barua.

Jana nimecheza kwa kushoto. Nimekuwa wa tano. Ile sehemu ngumu nimeipita yote bila kukosa hata kiduara kimoja, nikaja kuangushwa na vitu vyepesi ambavyo mkono wa kulia ungevifanya huku nasinzia. Nafasi moja tu, Baba. Nimelia mpaka jirani akaja kugonga. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuuliza na ukanyamaza. Sitaki kuambiwa pole.

Mwanao


Oldonyo Sambu, 2 Oktoba 2024

Naeku mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako ya tarehe tisa niliipata siku ileile. Nilitaka kukujibu kwa mkono ule niliokufunga wewe. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Mama yako alicheka siku ya kwanza, ya pili akaacha kucheka. Karatasi nilizochana ni nyingi. Hii nimeianza Jumapili baada ya ibada, na leo ni Jumatano. Herufi zimelala, unaziona. Jina lako nimelirudia mara nne ndipo likasomeka.

Hivyo ndivyo nilivyochelewa, na mchujo ukapita. Ningeweza kukuandikia mistari miwili kwa kulia, nikaona haya. Hilo nalo ni kosa langu.

Mimi nimechoka kwa wiki tatu, mtu mzima, bila mtu wa kunicheka darasani. Wewe ulikuwa na miaka saba. Hutaki pole, basi sikupi. Nakuomba msamaha.

Lemomo akipita asubuhi nitampa barua hii kwa mkono huuhuu.

Baba yako